Ndege wa kaskazi na vituo vyao Eastlands: wapi pa kuwatazama kabla hawajarudi kwao

Wazee wetu wa pwani walikuwa na kalenda isiyohitaji karatasi. Kaskazi ikianza kuvuma, mwezi wa Desemba hivi, majahazi yaliingia Mombasa, Lamu na Unguja kutoka Oman, Ghuba na Bara Hindi, yamesheheni tende, chumvi na papa mkavu. Kaskazi ikilegea, Machi na Aprili, manahodha walianza kutazama mbingu wakingoja kusi iwarudishe makwao. Majahazi yale karibu yamekwisha. Lakini wako wasafiri wengine ambao hawajaiacha ratiba hiyo, nao ni ndege.

Baridi inapoingia Ulaya na Asia, kuanzia Septemba hadi Novemba, mamilioni ya ndege hushuka Afrika kutafuta chakula na joto. Kuanzia mwisho wa Februari hadi mwanzo wa Mei hufunga safari ya kurudi kwenda kutaga. Kule kwao huo ni msimu wa majani kuchipua. Kwetu ni masika.

Wasomaji wa ukurasa huu wengi wanajua pa kuwatazama ndege hawa pwani. Mida Creek hapo Watamu haihitaji kutangazwa, wala mlango wa Mto Sabaki kaskazini mwa Malindi. Lakini hakuna ukoo wa pwani usiokuwa na mtu Nairobi: kaka yuko Eastleigh, binti amepanga Umoja, mjomba amezeeka Majengo ya Pumwani. Makala haya ni yao, na ni ya yeyote anayepanda gari moshi kwenda kuwatembelea. Nitataja vituo vya ndege vilivyoko Eastlands na vilivyo karibu nayo, wakati wa kwenda, na mambo ya kuzingatia. Mwishoni nitaeleza kwa nini mkazi wa Malindi ambaye hajawahi kukanyaga Ruai ana haki ya kuuliza habari za huko.

KWA NINI WASIMAME NAIROBI

Jina lenyewe la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi. Kabla reli haijafika mwaka 1899, bonde hili lilikuwa la vinamasi na vijito. Jiji limefunika sehemu kubwa ya hayo, lakini maji hayakuondoka yote, na ndege hawajasahau njia.

Ndege mdogo wa safari hana tangi la mafuta ila mwili wake. Shore wa majani aitwaye kwa Kizungu willow warbler, ambaye tutamkuta hapa chini, ana uzito wa gramu 10 hivi, sawa na vijiko viwili vya maji. Kabla ya kuondoka hula mchana kutwa mpaka awekeze shahamu mwilini, na baadhi ya ndege wadogo wa aina yake hukaribia kuongeza uzito wao mara mbili. Shahamu hiyo ndiyo itakayomvusha nyika za kaskazini mwa Kenya, Pembe ya Afrika na majangwa ya Uarabuni. Akikosa pa kulia njiani, haendi popote. Kituo kwake ni kama kisima kwa chombo kilichokuwa kikiteka maji kabla ya kuvuka bahari kuu.

Masika nayo humsaidia. Mvua ya kwanza ikinyesha Nairobi, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, mbu na vipepeo huongezeka, na karamu huwa tayari.

KALENDA YA MSIMU

Mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi: bata wa kaskazini huanza kupungua mabwawani. Korongo weupe hupita juu kwa makundi.

Katikati ya Machi hadi katikati ya Aprili: huu ndio wakati mzuri kuliko wote. Keremkerem hupita kwa sauti kubwa, vindege vya manjano hujaa viwanjani, na ndege wa matopeni huanza kubadilisha mavazi yao ya kijivu kwa yale ya harusi.

Mwisho wa Aprili hadi wiki ya kwanza ya Mei: mbayuwayu wa mwisho, vitwitwi wa mwisho, na kozi wadogo wanaofuata kumbikumbi. Baada ya hapo utulivu huingia. Wachache hubaki, hasa ndege wa matopeni ambao hawajatimiza umri wa kutaga. Hao huahirisha safari hadi mwaka ujao.

KITUO CHA KWANZA: MABWAWA YA RUAI

Hiki ndicho kituo kikuu, na ndicho kinachochekesha watu. Watazamaji wa ndege hukiita Mabwawa ya Dandora, ingawa kiko Ruai, nje kidogo ya mitaa ya Eastlands ukifuata Kangundo Road. Ni mahali ambapo maji taka ya Nairobi husafishwa chini ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi.

Mara ya kwanza nilipomwambia mjomba wangu wa Majengo kwamba nakwenda huko, aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

“Mpwangu, umeiacha bahari yote ile Mvita, waja kutazama ndege chooni?”

Nilimjibu, “Mjomba, niache niende. Nikirudi nitakusimulia.”

Na kwa kweli, ukielewa mabwawa yale yanavyofanya kazi, utaelewa kwa nini ndege wanayapenda. Maji taka hufika kwa mabomba na kuingia kwanza katika mabwawa yenye kina, ambamo uchafu mzito hutuama na vijidudu visivyohitaji hewa huanza kuuozesha. Kutoka hapo hupita katika mabwawa mapana zaidi, ambamo jua hustawisha mwani mdogo wa kijani, nao mwani hutoa oksijeni inayoendeleza usafishaji. Mwisho huingia katika mabwawa ya kina kifupi ambamo jua na muda humalizia vijidudu vya maradhi. Kisha maji huachiliwa kuingia Mto Nairobi. Kazi kubwa hufanywa na jua, upepo na subira.

Mwani huo huliwa na wadudu wa majini, na wadudu huliwa na ndege. Bata mwenye mdomo mpana kama mwiko huchuja maji kwa mdomo huo kutwa nzima. Vitwitwi na chamchanga hudonoa kandokando ya matope. Mbayuwayu huruka chinichini juu ya maji wakikamata mbu. Flamingo, ambao sisi twawaita heroe, huonekana nyakati nyingine, na viboko pia wamekuwa wakikaa humo, kwa hiyo usitembee kandokando ya maji bila mwenyeji. Orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya iliyochapishwa mwaka 1999 iliyataja mabwawa haya. Si jambo dogo kwa mahali pa kusafishia maji ya vyoo.

Namna ya kufika: ukishuka SGR pale Syokimau, fuata barabara ya Eastern Bypass kupitia Utawala hadi Ruai. Ukiwa mjini, panda matatu za Kangundo Road zinazopita Njiru. Eneo lina uzio na askari, kwa hiyo omba ruhusa ya kampuni mapema, na ikiwezekana nenda na kundi la watazamaji waliozoea kuingia. Anza na mabwawa ya mwisho. Ndege wengi wako huko, na harufu ni ndogo kuliko unavyofikiri.

KITUO CHA PILI: UKINGO WA MTO NAIROBI

Mto Nairobi hukata Eastlands kutoka Gikomba, ukapita Kariobangi, Korogocho na Dandora kabla haujafika Ruai. Sehemu kubwa yake inatia huzuni. Lakini pale Korogocho, kundi la vijana la Komb Green Solutions lilianza mwaka 2017 kuzoa taka ukingoni na kupanda miti, na palipokuwa jaa pakawa bustani ya watu. Mahali pa namna hiyo ndipo pa kusimama. Tazama matawi yanayoinamia maji: mdiria hukaa hapo akivizia, yangeyange hutembea kwenye kina kifupi, na mwezi wa Aprili vindege vya safari hurukaruka majanini wakichokora wadudu. Ukienda, nenda na wenyeji, wasalimie kwanza, na ukiweza nunua chai yao.

Jirani yake ni jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Utawaona kongoti, wale ndege wakubwa wenye vichwa vya upara, wakisimama juu ya taka kama wazee wa baraza, pamoja na mwewe, kunguru na kwarara. Sikushauri kuingia humo kwa ajili ya ndege. Wako watu wanaotafuta riziki humo, nao si maonyesho. Kongoti utawaona bila shida hata juu ya miti ya Mombasa Road karibu na Uwanja wa Nyayo.

KITUO CHA TATU: VIWANJA NA MITI YA MITAANI

Si lazima utoke nje ya mtaa wako. Kaloleni ya Nairobi, iliyopewa jina linalofanana na Kaloleni yetu ya Kilifi, ilijengwa miaka ya 1940 ikiwa na nyumba fupi, nyua pana na miti mingi. Jericho, Maringo na Makongeni nazo zina miti mikubwa iliyopandwa enzi zile. Simama chini ya mmoja wao saa moja asubuhi mwezi wa Machi, usikilize. Utasikia wimbo mwembamba unaoanza juu na kushuka taratibu kama maji yanayomiminwa kutoka birika. Huyo ni yule wa gramu 10. Muda mwingi wa mwaka akiwa kwetu hunyamaza, lakini akikaribia kuondoka huanza kujizoeza wimbo atakaomwimbia mwenzake Ulaya au Siberia.

Viwanja vya mpira visivyo na lami vina wageni wao. Tafuta kindege chembamba cha manjano kinachotembea badala ya kurukaruka, kikitikisa mkia juu na chini, mara nyingi katikati ya mbuzi na ng'ombe ambao miguu yao hufukuza wadudu. Mwezi wa Machi madume hung'aa kama maembe mabivu. Tazama vichwa vyao: mmoja ana kichwa cha kijivu, mwingine cheusi, mwingine cha manjano. Kila rangi ni ya nchi yake, kama vilemba vya abiria bandarini ambavyo wazee walivitazama wakajua huyu katoka Sur na huyu katoka Hadhramaut.

Na usisahau kutazama juu. Korongo weupe hawapigi mbawa sana. Husubiri jua lipashe ardhi joto, kisha hupandishwa na hewa inayopanda. Kwa hiyo wao ni wa saa nne hadi saa nane mchana, ukiwa unaanika nguo juu ya ghorofa Kayole au Umoja. Keremkerem pia hupita mchana, na mara nyingi utawasikia kabla ya kuwaona.

KITUO CHA NNE: CITY PARK NA KARURA

Misitu hii miwili haimo Eastlands, lakini ndiyo ya karibu kwa mkazi wa Eastleigh, Pangani na Pumwani anayetaka kivuli cha kweli. City Park, pale Parklands, ina masalia ya msitu wa asili ulioufunika upande huu wa Nairobi zamani. Humo pia ndimo walimozikwa Pio Gama Pinto na Joseph Murumbi, kwa hiyo utapata somo la historia njiani. Nenda asubuhi, kaa pembezoni mwa msitu ambapo jua hugusa majani kwanza. Vindege vya safari hupenda kingo hizo, kwa sababu wadudu huamka hapo mapema. Kima wa City Park ni wezi hodari, kwa hiyo mahamri yako yafiche.

Karura ni kubwa zaidi, hekta 1,041. Msitu huu upo hadi leo kwa sababu watu walikataa. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti kupinga ugawaji wa ardhi yake. Leo watoto huendesha baiskeli humo na mabwawa yake hupokea ndege wa majini. Ukiingia, kumbuka kwamba kila mti unaouona ungekuwa nyumba ya mtu.

Kwa anayeanza, njia rahisi ni kujiunga na matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi. Matembezi hayo ya Nature Kenya yalianzishwa mwaka 1971 na Fleur Ng'weno, na wengi wa waongozaji wa ndege wa Nairobi walijifunzia humo. Chama chenyewe ni kikongwe, kwani mizizi yake ni ya mwaka 1909.

UTAWATAMBUAJE

Usijitie kujua wote. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na hata mabingwa hubishana. Anza na hawa sita.

Mbayuwayu wa safari: mgongo wa buluu iliyokoza, koo jekundu, mkia wenye panda ndefu. Watoto wengi wa madrasa humwita ababili, na mimi siwakosoi.

Keremkerem wa Ulaya: koo la manjano, mgongo wa rangi ya dhahabu na hudhurungi, tumbo la buluu ya bahari. Huruka kwa makundi wakiitana njia nzima.

Korongo mweupe: mwili mweupe, ncha za mbawa nyeusi, mdomo na miguu myekundu. Usimchanganye na kongoti, ambaye ni wa kijivu na huonekana daima kama anadaiwa.

Vitwitwi na chamchanga: ndege wadogo wa matopeni, miguu mirefu, mdomo mwembamba. Usihangaike na majina yao mwaka wa kwanza. Tazama anayekimbia na anayetembea polepole, utaanza kuwatofautisha.

Bata mdomo-mwiko: dume ana kichwa cha kijani kinachometa na ubavu wa rangi ya kutu. Mwezi wa Aprili atakuwa amekwisha ondoka.

Kozi wa Amur: kipanga mdogo, dume wa kijivu mwenye miguu myekundu. Huyu ni nahodha wa manahodha. Hutaga kaskazini mashariki mwa China na nchi jirani, na anapokuja Afrika mwezi wa Novemba na Desemba huvuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi, safari ya kilomita 3,000 hivi, bila pa kutua. Babu zetu waliivuka bahari hiyo kwa tanga. Yeye hana hata ubao.

ADABU NA MAANDALIZI

Toka mapema. Ukishaswali Alfajiri usirudi kitandani. Jua la Nairobi huchomoza saa kumi na mbili na nusu hivi, na saa mbili za mwanzo ndizo bora kwa ndege wa miti.

Darubini ya 8 kwa 42 yatosha. Ukikosa, Ruai na viwanjani utaona mengi kwa macho matupu.

Vaa viatu vya kufunga ambavyo hutajali vikichafuka. Udongo mweusi wa Ruai na Njiru ukilowa hushika kiatu kama unga wa sima. Beba jozi ya pili na chupa ya maji ya udhu, ubaki na amani ya moyo wakati wa swala. Usiguse maji ya mabwawa wala ya mto, na watoto wasiokote chochote.

Simu na darubini visiwe shingoni ukiwa kwenye matatu. Usipige picha za watu bila ruhusa. Usirushe jiwe ili ndege aruke upate picha nzuri, kwa kuwa kila anaporuka bure anachoma ile shahamu ya safari.

Andika ulichokiona: tarehe, mahali, idadi. Daftari la shule linatosha. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wataalamu na wanaojitolea wamekuwa wakiwanasa ndege wa safari usiku wa ukungu, wakiwavika pete ndogo mguuni na kuwaachilia. Baadhi ya pete hizo zilipatikana tena Ulaya na Uarabuni, na ndiyo tukajua njia wanazopita. Elimu kubwa ilianza kwa mtu kuandika namba ndogo.

MAJI NI YALE YALE

Sasa nirudi kwa msomaji wa Malindi.

Maji yanayotoka katika bwawa la mwisho la Ruai huingia Mto Nairobi. Mto Nairobi huingia Athi. Athi huanguka pale Fourteen Falls, hushuka Ukambani, hukutana na Mto Tsavo ukaitwa Galana, kisha hufika kwetu kwa jina la Sabaki na kumwaga baharini karibu na Mambrui. Matope ya mlango wa Sabaki tunakokwenda kuwatazama ndege yameletwa na mto huo huo. Na si matope peke yake. Visima vya Baricho, vinavyotoa maji ya Malindi, Kilifi na sehemu za Mombasa, vimechimbwa kando ya Sabaki. Kwa hiyo swali la kama mabwawa ya Ruai yanafanya kazi yake si swali la watu wa Nairobi pekee. Ni swali la bomba lako.

Na mabwawa hayo yamo hatarini. Nairobi imekua, mabomba yanazidiwa, na ardhi ya kusafishia maji taka imemezewa mate miaka mingi. Mei 2020, katikati ya janga la korona, tingatinga ziliingia Kariobangi North na Ruai kubomoa nyumba zilizosemekana kujengwa juu ya ardhi hiyo. Maelfu ya watu walilala nje, wengi wao wakiwa wameshika karatasi walizoamini ni za halali. Aliyewauzia hakulala nje. Ndivyo inavyokuwa: ardhi oevu huitwa pori, huuzwa kimyakimya, na siku hesabu inapofika, analipa maskini, analipa ndege, na anayeishi mwisho wa mto analipa bila hata kujua deni ni la nini.

Jaa la Dandora nalo liko kando ya mto huo huo. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilichapisha uchunguzi wake: kati ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa, nusu walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika. Mtoto wa Dandora ndiye wa kwanza kuumia. Lakini mto haujui mpaka wa kaunti.

Hapo ndipo thamani ya kuwatazama ndege ilipo, zaidi ya starehe. Ndege ni shahidi asiyehongeka. Bwawa likizibwa, haandiki barua, haendi mahakamani. Haji tu. Anayeziweka hesabu zake kila masika ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua kwamba kuna kitu kimeharibika kule juu, kabla hakijafika kwenye ndoo yetu. Mitaa kongwe ya Eastlands nayo iko katika mipango ya kubomolewa ili maghorofa yapande. Watu wahitaji nyumba, silipingi hilo. Nauliza tu kama kuna aliyeihesabu miti kabla ya kuikata, na kama kuna uwanja mmoja wa udongo utakaoachwa kwa ajili ya mpira na vindege vya manjano.

Vijana wetu walioko Nairobi waweza kufanya jambo: kundi la watu watano, daftari moja, Jumamosi moja kila mwezi, kutoka Februari hadi Mei. Walioko Malindi na Mambrui wafanye vivyo hivyo Sabaki. Kisha daftari mbili zikutane. Mto mmoja, mashahidi wa pande mbili.

Mjomba wangu alikubali kufuatana nami mwaka uliofuata. Alivaa kanzu ya zamani na viatu vya mpira, akalalamika njia nzima mpaka Ruai. Tulipofika bwawa la mwisho nikampa darubini. Alinyamaza muda mrefu. Mbele yake vitwitwi walikuwa wanakula kwa haraka ya msafiri aliyesikia honi ya chombo.

“Hawa wanakwenda wapi?”

“Wengine Urusi, mjomba. Juu kabisa, karibu na barafu.”

“Na hapana anayewauliza kitambulisho cha babu?”

“Hapana.”

Akacheka, akaniomba nimuonyeshe tena yule mwenye miguu myekundu. Mpaka adhuhuri ilipokaribia hakuwa amenirudishia darubini yangu.